Hekalu Lililogeuka Watu: Kulisoma Agano Jipya kwa Ramani ya Yerusalemu

Katika makumbusho ya akiolojia ya Istanbul kuna jiwe la chokaa lililochongwa mistari saba ya Kigiriki. Mtafiti Mfaransa Charles Clermont-Ganneau alilikuta Yerusalemu mwaka 1871. Maneno yake ni makavu: mgeni yeyote asivuke uzio na ua unaozunguka patakatifu, na atakayekamatwa, kifo kitakachompata amejitakia mwenyewe. Josephus, mwanahistoria Myahudi aliyekuwa kuhani na kuliona hekalu kwa macho yake, anaandika kwamba uzio huo ulikuwa na kimo cha dhiraa 3, yaani karibu mita moja na nusu. Anasema mabao ya onyo yalisimamishwa kwa nafasi kuuzunguka, mengine ya Kigiriki na mengine ya Kilatini.

Kwa jiwe hili unaelewa kwa nini Paulo alikaribia kuuawa katika Matendo 21. Watu walikuwa wamemwona mjini na Trofimo, mtu wa Efeso asiye Myahudi, wakadhani amemwingiza ndani ya uzio. Ghasia ikazuka, Paulo akaburutwa nje na milango ikafungwa nyuma yake. Sasa soma Waefeso 2:14, inayosema Kristo "akakibomoa kiambaza cha kati kilichotutenga." Wapo wafafanuzi wanaosema mwandishi hapa hafikirii uzio wa mawe, ila Sheria iliyowatenga Wayahudi na mataifa. Mimi naona mambo hayo mawili hayapingani, maana uzio ulikuwa Sheria iliyogeuzwa mawe. Tena mistari michache mbele mwandishi anasema watu hao waliokuwa mbali sasa wanajengwa pamoja "hata liwe hekalu takatifu katika Bwana." Kama hakuwa na hekalu kichwani, kwa nini alifikia kulitaja?

Ndiyo hali ya Agano Jipya karibu lote. Lugha ya hekalu imepita chini yake kama msingi, na msomaji asiyejua jengo lenyewe lilivyokaa husoma mafumbo mengi kama maneno mazuri tu. Tena hudhani kwamba Wakristo ndio waliokuja na wazo la kuwaita watu "hekalu," kumbe Wayahudi walikuwa wameshazoea kulifikiri hivyo kabla Petro hajatupa wavu wake wa kwanza.

Jengo la ngazi kwa ngazi

Mahekalu yalikuwa mawili, na kabla yake hema. Hema ya kukutania inaelezwa katika Kutoka sura ya 25 hadi 40. Hekalu la Sulemani lilijengwa katika karne ya 10 KK na kubomolewa na Wababeli mwaka 586 KK. La pili lilikamilika mwaka 515 KK, na Herode akaanza kulijenga upya kwa fahari karibu mwaka 20 KK. Warumi walilichoma mwaka 70 BK.

Aliyekulia katika nyumba ya Kiswahili ya zamani atauelewa mpango wake haraka: baraza ni ya kila mpita njia, ukumbi una wake, na chumba cha ndani haingii mtu ovyo. Katika hekalu la Herode, ua wa nje ulikuwa wa watu wote, wakiwemo wa mataifa. Ukivuka uzio wa mawe unafika ua wa wanawake, kisha ua wa wanaume wa Israeli, kisha ua wa makuhani wenye madhabahu ya kuteketezea. Mbele yake limesimama jengo lenyewe, na ndani yake Patakatifu, penye kinara cha taa, meza ya mikate na madhabahu ya kufukizia uvumba. Mwisho kabisa, nyuma ya pazia, ni Patakatifu pa Patakatifu. Huko aliingia mtu mmoja tu, kuhani mkuu, siku moja tu kwa mwaka, Siku ya Upatanisho ya Walawi 16.

Hapa niingize neno kuhusu ile kamba. Wengi tumesikia mimbarani kwamba kuhani mkuu alifungwa kamba mguuni ili akifa ndani avutwe, na kwamba watu walimsikiliza kwa kengele za vazi lake. Biblia haina habari hiyo, Josephus hana, na Mishna, mkusanyo wa mapokeo ya marabi wa karibu mwaka 200 BK ambao unaieleza siku ile hatua kwa hatua, haina pia. Hadithi inajitokeza katika maandishi ya Kiyahudi ya zama za kati. Zaidi ya hayo, Walawi 16:4 inasema kuhani aliingia amevaa kitani tupu. Vazi la kengele aliliacha nje.

Na ndani kulikuwa na nini? Katika hekalu la pili, hakuna kitu. Sanduku la agano lilipotea na hekalu la Sulemani. Pompey, jemadari wa Rumi, aliingia kwa nguvu mwaka 63 KK, na Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anaandika kwamba palikutwa patupu, hakuna sanamu ya mungu yeyote. Mishna inataja jiwe tu, lililoinuka vidole vitatu kutoka sakafuni, ambapo kuhani mkuu aliweka chetezo chake.

Bustani, mlima, bahari

Hekalu lilichongwa kuwa picha ya ulimwengu, na hasa ya bustani ya Edeni. Fungua 1 Wafalme 6 na 7 uhesabu: kuta zimenakshiwa mitende, makerubi na maua yaliyofunuka, kuna makomamanga, kuna dhahabu kila mahali, uani kuna birika kubwa la shaba la dhiraa 10 ukingo hadi ukingo, nalo linaitwa "bahari." Kinara cha taa cha Kutoka 25 kina matawi, vikombe vya maua ya mlozi na matovu, yaani ni mti unaowaka. Sasa rudi Mwanzo 2 na 3. Mto unatoka Edeni, nchi jirani ina dhahabu na shohamu, mti wa uzima uko katikati, na baada ya Adamu kufukuzwa, makerubi wanawekwa upande wa mashariki kulinda njia. Mlango wa hekalu nao ulitazama mashariki, na makerubi walifumwa kwenye pazia. Kuhani mkuu alipopita pazia lile, alikuwa anarudi mahali Adamu alipotolewa.

Huu si ubunifu wa wataalamu wa leo. Kitabu cha Yubile, maandishi ya Kiyahudi ya karne ya 2 KK, kinasema waziwazi kwamba bustani ya Edeni ni patakatifu pa patakatifu. Josephus naye anaeleza pazia lililoning'inia mlangoni mwa jengo, la dhiraa 55 kwenda juu na 16 upana, kazi ya Babeli yenye rangi nne, na rangi zile zilikuwa na maana: nyekundu ya moto, kitani cha dunia, samawati ya hewa, zambarau ya bahari. Juu yake ilidariziwa sura ya mbingu yote.

Kwa hiyo Myahudi wa karne ya kwanza aliposema "hekalu," alikuwa anataja mahali mbingu na nchi zinapogusana. Hakufikiri kwamba Mungu amefungiwa humo. Sulemani mwenyewe siku ya kulizindua alisema: "Tazama, mbingu hazikutoshi, wala mbingu za mbingu; sembuse nyumba hii niliyoijenga!"

Ezekieli, aliyekuwa uhamishoni Babeli huku hekalu likiwa magofu, aliona hekalu jipya katika maono. Sura ya 47 ndiyo itakayotufaa baadaye. Maji yanachuruzika chini ya kizingiti, yanaelekea mashariki. Baada ya dhiraa 1,000 yanafika viweko vya miguu, kisha magoti, kisha viuno, kisha ni mto usiovukika. Yanaingia Bahari ya Chumvi na kuiponya, wavuvi wanaanika nyavu kuanzia Engedi, na miti ya kandokando inazaa kila mwezi, majani yake dawa.

Wale wa Kumrani

Mwishoni mwa miaka ya 1940 ndipo ulimwengu ulianza kusikia habari za magombo ya Bahari ya Chumvi, yaliyotoka katika mapango ya Kumrani. Mengi yao huhusishwa na jumuiya ya Wayahudi iliyoamini kwamba hekalu la Yerusalemu liko mikononi mwa makuhani wasiostahili. Wangefanya nini watu waliokuwa na njaa ya hekalu huku hekalu lililokuwepo likiwachukiza? Katika Kanuni ya Jumuiya, ambayo nakala yake kamili iliandikwa karibu mwaka 100 KK, baraza lao linaitwa nyumba takatifu kwa Israeli na patakatifu pa patakatifu kwa Haruni. Linafanya upatanisho kwa ajili ya nchi, na sadaka ya midomo inahesabiwa kama harufu nzuri ya haki. Pia walikuwa na nyimbo 13 za Sabato zinazoeleza ibada ya malaika katika hekalu la mbinguni. Nakala moja ya nyimbo hizo ilipatikana mbali kidogo, kwenye ngome ya Masada.

Yaani watu wamekuwa hekalu, sifa imekuwa dhabihu, na juu mbinguni kuna hekalu halisi. Mambo haya matatu ndiyo mihimili ya lugha ya Agano Jipya, na yote yalikuwepo kwa Wayahudi wakati hekalu la mawe bado linafuka moshi kila asubuhi. Tunda la midomo utalikuta tena katika Waebrania 13:15.

Paulo anawaandikia Wakorintho katikati ya miaka ya 50 BK, miaka kama 15 kabla ya Warumi kuchoma kitu. "Hamjui ya kuwa ninyi mmekuwa hekalu la Mungu, na ya kuwa Roho wa Mungu anakaa ndani yenu?" Anasema na kanisa zima lililokuwa likigawanyika, huyu wa Apolo, yule wa Kefa, na onyo linalofuata ni kwa anayeliharibu hekalu hilo kwa mafarakano. Kwetu aya hii huhubiriwa zaidi dhidi ya sigara na pombe. Walau sura ya 6 inazungumzia mwili wa mtu mmoja mmoja, ingawa hata huko mada ni zinaa. Ile ya sura ya 3 ni ya jumuiya, na ukiitumia kwa sigara tu unaliachia kanisa lililogawanyika lipite bila kuguswa.

Wala Paulo hakuwa amelipa hekalu kisogo. Matendo 21 inamkuta ndani ya hekalu lenyewe akijitakasa na kugharimia nadhiri za wenzake wanne. Luka anaianza Injili yake kwa kuhani Zakaria anayefukiza uvumba na kuimaliza kwa wanafunzi wakiwa "daima ndani ya hekalu, wakimsifu Mungu." Hata Yesu anapozipindua meza, maneno yake ni ya manabii: "nyumba ya sala" ni ya Isaya 56, "pango la wanyang'anyi" ni ya Yeremia 7, hotuba ambayo Yeremia aliitoa akiwa amesimama langoni mwa nyumba ile ile ya kwanza. Myahudi aliyewakemea wakuu wa hekalu alikuwa na ukoo mrefu wa waliomtangulia.

Maji na taa katika Injili ya Yohana

Katika Injili ya Yohana hekalu ni mwili wa Yesu mwenyewe. "Livunjeni hekalu hili, nami katika siku tatu nitalisimamisha," Wayahudi wanamjibu limejengwa miaka 46, na mwandishi anatunong'oneza kwamba alinena habari za mwili wake. Ila raha ya Yohana iko sura ya 7, na bila Mishna huioni vizuri.

Ni Sikukuu ya Vibanda, baada ya mavuno, wakati wa kusubiri mvua. Mishna inaeleza ilivyokuwa. Kila siku kuhani alichota maji katika birika la Siloamu kwa chombo cha dhahabu. Walipofika Lango la Maji, baragumu zikapigwa. Akapanda madhabahu, palipokuwa na vikombe viwili vya fedha, kimoja cha maji na kimoja cha divai, akamimina. Watu walimpigia kelele, "Inua mkono wako!" kwa sababu kuhani mmoja aliwahi kuyamwaga miguuni pake, na umati ukamtupia malimau ya sikukuu waliyokuwa wameyashika. Usiku, katika ua wa wanawake, vijana wa ukuhani walipanda ngazi na mitungi ya mafuta kuwasha taa kubwa za dhahabu. Tambi zake zilikuwa suruali kuukuu na mishipi ya makuhani. Inasemwa hapakuwa na ua mjini Yerusalemu usiomulikwa na taa hizo.

Katikati ya hayo, "siku ile kubwa ya sikukuu," Yesu anasimama na kupaza sauti kwamba mwenye kiu aje kwake anywe, "kama vile maandiko yalivyonena, mito ya maji yaliyo hai itatoka ndani yake." Wasomaji wametafuta sana aya hiyo katika Agano la Kale na hawaikuti neno kwa neno. Nyuma yake wengi wanaona Ezekieli 47, na Zekaria 14, sura inayotaja maji hai yatokayo Yerusalemu na pia mataifa kuja kuadhimisha Vibanda. Maji yanatoka hekaluni, na kwa Yohana hekalu ni mtu. Mara baada ya sikukuu anasema, "Mimi ndimi nuru ya ulimwengu," na sura ya 8 inatuambia alisemea penye chumba cha hazina, ndani ya hekalu. Mishna inaziweka taa za sikukuu kwenye ua wa wanawake, na sanduku za sadaka nazo hudhaniwa zilikuwa huko. Kisha, msalabani, ubavu unapochomwa mkuki, Yohana peke yake anaandika kwamba ilitoka damu na maji.

Pazia

Marko ana ufundi wa namna nyingine. Wakati wa ubatizo Yesu "akaona mbingu zinapasuka," na sauti ikamwita Mwanangu. Mwishoni "pazia la hekalu likapasuka vipande viwili toka juu hata chini," na akida wa Kirumi anamwita Mwana wa Mungu. Neno la Kigiriki ni lile lile mara zote mbili, na Marko halitumii kwingine kokote. Hasemi ni pazia lipi kati ya mawili, la mlangoni au la ndani. Kama ni la mlangoni, lile lililodariziwa mbingu, basi kitabu chake kimefunguliwa na kufungwa kwa mbingu kupasuka. Navutiwa na tafsiri hiyo, ingawa mwandishi wa Waebrania anawaza pazia la ndani, na maana ya njia kufunguka inabaki zote mbili.

Waebrania inastahili makala yake. Hapa itoshe kusema kwamba waraka huo, wenye makuhani na damu na mapazia mengi kuliko vitabu vyote vya Agano Jipya, haulitaji hekalu hata mara moja. Unazungumzia hema ya jangwani tu, kwa sababu mwandishi amejengea hoja yake juu ya Kutoka 25:40, Musa anapoambiwa atengeneze kwa mfano aliooneshwa mlimani. Kama kuna mfano, basi asili yake iko juu, na huko ndiko Kristo alikoingia kama kuhani mkuu. Watu hukimbilia kusema hayo ni mawazo ya Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki. Yanaweza kuwa na harufu yake, lakini Hekima ya Sulemani, kitabu cha Kiyahudi, katika 9:8 inasema hekalu ni mfano wa hema takatifu iliyoandaliwa tangu mwanzo, na nyimbo 13 za Kumrani hazikuandikwa na wanafunzi wa Plato.

Ufunuo unafika mwisho wa njia. Yerusalemu Mpya ina urefu, upana na kimo vilivyo sawa, mji wa umbo la mchemraba, wa dhahabu safi. Ni nani anayejenga mji hivyo? Hakuna, ila 1 Wafalme 6:20 inasema Patakatifu pa Patakatifu palikuwa dhiraa 20 kila upande, pamefunikwa dhahabu. Yohana wa Ufunuo amekichukua chumba kile alichoingia mtu mmoja mara moja kwa mwaka, akakifanya mji wa mataifa. Ndiyo sababu anasema hakuona hekalu ndani yake: mji wote umekuwa chumba cha ndani. Misingi yake ina vito 12, kama kifuko cha kifuani cha kuhani mkuu. Wakazi wana jina la Mungu kwenye vipaji vya nyuso, mahali kuhani mkuu alipovaa bamba la dhahabu lenye maneno "Mtakatifu kwa BWANA." Na mto wa Ezekieli unapita katikati, na mti wa uzima, na majani ya kuponya mataifa.

Kitabu hicho kwa kawaida huwekwa mwishoni mwa karne ya kwanza, hekalu likiwa limeshaanguka. Wayahudi wasiomfuata Yesu walikuwa na swali lile lile mezani: madhabahu haipo, upatanisho utatoka wapi? Marabi wakarithi njia zile zile za zamani. Talmud, mkusanyo mkubwa wa mafundisho yao, inaiita sinagogi patakatifu padogo, kwa kuegemea Ezekieli 11:16, na inasema meza ya mtu, anapomlisha maskini, inapatanisha kama madhabahu ilivyofanya. Mapokeo yao yanasimulia kwamba Rabi Yohanan ben Zakkai alikuwa akitoka Yerusalemu na mwanafunzi wake Yehoshua. Yehoshua akayaona magofu, akalia kwamba mahali pa upatanisho pameharibika. Mwalimu akamjibu asihuzunike, tunao upatanisho mwingine ulio sawa na ule, matendo ya fadhili, akamsomea Hosea 6:6: Mungu anataka fadhili wala si sadaka. Katika Injili ya Mathayo, Yesu anaisoma aya hiyo hiyo mara mbili, na mara ya pili, sura ya 12, ni mara tu baada ya kusema kwamba hapa yupo aliye mkuu kuliko hekalu.